Huntha na wanaobadili jinsia: Sheria ya Kiislamu yasemaje?

Katika sheria ya Kiislamu, jinsia ya mtu si jambo la umbo pekee. Ndiyo inayoamua asimame safu ipi msikitini, ajisitiri vipi, aoe au aolewe, nani amwoshe atakapofariki na arithi fungu gani wazazi wake wakitangulia mbele ya haki. Mwana wa kiume hupata mara mbili ya fungu la mwana wa kike. Je, itakuwaje iwapo mwana mwenyewe hajulikani kama ni wa kiume au wa kike? Na itakuwaje kwa yule ambaye umbo lake halina shaka, lakini nafsi yake yamwambia kuwa yeye ni wa jinsia nyingine?

Maswali hayo mawili huchanganywa mara kwa mara katika mazungumzo ya barazani. Wanachuoni wa Kiislamu hawakuyachanganya. La kwanza limejadiliwa katika vitabu vya fiqhi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwa kina na kwa utulivu, kama vinavyojadiliwa udhu na zaka. La pili lina majibu ya kale kuhusu wanaojifananisha na jinsia nyingine, na majibu mapya ambayo hayajaafikiana tangu hospitali zilipoanza kufanya upasuaji wa kubadili jinsia katika karne ya 20.

Makala haya yanaeleza misimamo hiyo ilivyo na tofauti zake, na pia yale ambayo sheria za Kenya zinasema kuhusu watu hawa.

Maana ya majina

Neno huntha limetokana na khuntha la Kiarabu. Katika fiqhi, huntha ni mtu aliyezaliwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike pamoja, au asiye na kimojawapo ila tundu la kupitishia mkojo. Wanachuoni wamewagawa mahuntha makundi mawili. Wa kwanza ni yule ambaye dalili zake zimeelemea upande mmoja. Huyo huhesabiwa mwanamume au mwanamke kamili, na hukumu zote za jinsia hiyo humhusu. Wa pili huitwa huntha mushkil, yaani aliyetatiza. Dalili zake zimelingana au zinapingana, na hakuna awezaye kuamua kwa yakini.

Mukhannath ni mtu mwingine kabisa. Huyu ni mwanamume kwa umbo, lakini mwendo, sauti na mazungumzo yake yanafanana na ya wanawake. Shina hilo hilo la Kiarabu ndilo lililozaa neno hanithi katika Kiswahili, ambalo mitaani limegeuka kuwa tusi. Nchini Oman, jamii ya mji wa Sohar ilikuwa na watu walioitwa khanith. Mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika mwaka wa 1977 kwamba watu hao walichanganyika na wanawake majumbani bila pingamizi, ilhali walibaki na majina ya kiume na mbele ya sheria walikuwa wanaume.

Kundi la tatu ni la wale waliozaliwa na umbo kamili la jinsia moja, wakataka kuishi katika jinsia nyingine kwa mavazi, kwa dawa za homoni au kwa upasuaji. Maulamaa wa leo hutenganisha mambo mawili hapa. Kusahihisha jinsia ni kumtibu mtu ambaye umbo lake lina utata. Kubadili jinsia ni kumgeuza mtu ambaye umbo lake halina utata. Karibu mjadala wote wa sasa umejengwa juu ya tofauti hiyo.

Kurani na hukumu ya kijakazi

Kurani haimtaji huntha kwa jina. Aya ya 49 na ya 50 za Sura ya 42, Ash-Shura, zinaeleza kwamba Mwenyezi Mungu huumba atakacho: huwapa wengine watoto wa kike, wengine wa kiume, wengine wa aina zote mbili, na wengine huwafanya tasa. Wapo waliodai kuwa huntha hawezi kuwapo, kwa sababu aya zimetaja wanaume na wanawake tu. Mfasiri mashuhuri al-Qurtubi, aliyefariki mwaka wa 1273, aliwajibu kwa ukali kwamba dai hilo ni kutojua lugha na kutofahamu upana wa uwezo wa Mungu.

Hukumu ya kwanza inayosimuliwa kuhusu huntha ni ya kabla ya Uislamu. Kitabu cha wasifu wa Mtume kilichohaririwa na Ibn Hisham chaeleza habari za Amir bin al-Zarib wa kabila la Adwan, mwamuzi ambaye Waarabu walimpelekea mashauri yaliyowashinda. Aliletewa shauri la huntha, akakesha usiku kucha bila kupata jawabu. Kijakazi wake Sukhaila, mchunga wa kondoo wake, alimwuliza kilichomnyima usingizi. Alipoambiwa, akamshauri atazame mkojo: ukipitia njia ya kiume, ni mwanamume, ukipitia njia ya kike, ni mwanamke.

Uislamu uliithibitisha njia hiyo. Wanachuoni huinasibisha hukumu ya kumrithisha huntha kwa njia ya mkojo na Ali bin Abi Talib, Khalifa wa nne, na madhehebu yote manne ya Kisunni yaliikubali kuwa dalili ya kwanza.

Dalili zinazotazamwa

Mtoto akiwa mdogo, mkojo ndio kipimo. Ukitoka katika njia zote mbili, hutazamwa ni ipi iliyotangulia. Zikitoka pamoja, wanachuoni walihitilafiana. Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, wanafunzi wawili wa Imam Abu Hanifa, walisema njia yenye mkojo mwingi ndiyo ifuatwe. Mwalimu wao alikataa, kwa hoja kwamba wingi hauonyeshi ila upana wa njia.

Mtoto akifikia baleghe, dalili nyingine huongezeka. Ndevu na kutoka kwa manii kwa njia ya kiume ni dalili za mwanamume. Hedhi, matiti na mimba ni dalili za mwanamke. Baadhi ya wanachuoni waliongeza maelekeo ya moyo: iwapo dalili za mwili zimeshindwa, huntha mwenyewe aulizwe anavutiwa na nani, na neno lake likubaliwe. Hapo, akishasema, hana ruhusa ya kurudi nyuma na kudai kinyume.

Kulikuwa pia na rai ya kuhesabu mbavu, kwa imani kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbal aliyefariki mwaka wa 1223, aliikataa rai hiyo kwa hoja nyepesi: lau mbavu zingetosha, hakuna huntha ambaye hali yake ingetatiza, wala pasingekuwa na haja ya kutazama mkojo.

Huntha mushkil, basi, ni mtu ambaye dalili zote hizo hazikumtoa upande wowote. Kwake yeye, kanuni kuu ya wanachuoni ni ihtiyati, yaani kuchukua tahadhari ili ibada yake iwe sahihi kwa vyovyote itakavyokuwa.

Msikitini na kaburini

Katika swala ya jamaa, wanaume husimama mbele, kisha wavulana, kisha mahuntha, kisha wanawake. Kwa mpango huo huntha hawi mwanamke aliyesimama kati ya wanaume, wala mwanamume aliyesimama kati ya wanawake. Hujisitiri kama mwanamke anaposwali. Haruhusiwi kuwaongoza wanaume, kwa kuwa huenda akawa mwanamke. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki, swala ya Ijumaa si wajibu kwake.

Anapofariki, suala huwa nani amwoshe. Wafuasi wa Abu Hanifa walisema huntha mushkil aliyekwisha kukua asioshwe, bali atayamamishwe. Mashafi walisema akikosekana maharimu wake, wanaume au wanawake wanaweza kumwosha kwa dharura, mwili ukiwa umefunikwa. Zikiwekwa maiti kadhaa pamoja kwa ajili ya swala, jeneza lake huwekwa kati ya ya wanaume na ya wanawake.

Mtu anayesoma hukumu hizi leo huenda akaziona kuwa ni ukali. Hata hivyo, zina jambo moja linalostahili kuzingatiwa. Hakuna hata moja inayomtoa huntha msikitini, wala inayomnyima josho, sanda au swala ya maiti. Kila mahali ametengewa nafasi.

Katika ndoa tahadhari ni kubwa zaidi. Mashafi wanasema ndoa ya huntha haisihi maadamu hali yake haijabainika, kwani haijulikani kama ni mume au mke. Mwanachuoni wa Kihanbali al-Khiraqi alikuwa na maoni mengine: huntha akisema ni mwanamume, asizuiwe kuoa, akisema ni mwanamke, aolewe. Alichokisema mara ya kwanza ndicho kitakachomfunga maisha yake yote.

Hesabu ya mirathi

Ni katika mirathi ambapo tofauti za madhehebu huonekana kwa shilingi na senti. Tuchukue mfano wa baba aliyefariki akaacha watoto wawili tu, mmoja wa kiume na mwingine huntha mushkil. Hakuacha mjane wala wazazi, na mali iliyobaki baada ya madeni na maziko ni Sh1,200,000.

Iwapo huntha angekuwa wa kiume, kila mmoja angepata Sh600,000. Iwapo angekuwa wa kike, angepata Sh400,000 na nduguye Sh800,000.

Abu Hanifa alisema huntha apewe fungu dogo kati ya hayo mawili. Atachukua Sh400,000 na kijana wa kiume atachukua Sh800,000. Shauri limekwisha.

Imam Shafi alisema kila mrithi apewe kile tu kisicho na shaka. Huntha ana uhakika wa Sh400,000, kwa sababu hata akiwa wa kike atazipata. Kijana wa kiume naye ana uhakika wa Sh600,000, kwa sababu hata nduguye akiwa wa kiume hatapata chini ya hapo. Zinasalia Sh200,000. Hizo huwekwa kando hadi hali ya huntha ibainike au warithi wenyewe wapatane.

Imam Malik alisema huntha apate nusu ya fungu la mwanamume na nusu ya fungu la mwanamke. Nusu ya Sh600,000 ni Sh300,000, na nusu ya Sh400,000 ni Sh200,000. Kwa hivyo atapata Sh500,000, na nduguye Sh700,000.

Mahanbali walizikusanya njia mbili. Kama huntha bado ni mtoto na kuna matumaini kwamba baleghe itaamua, mali itagawanywa kama walivyosema Mashafi na ziada isubiri. Kama matumaini hayo yamekwisha, atapata nusu kwa nusu kama alivyosema Malik.

Zipo hali ambapo tofauti hii ni kati ya kupata na kukosa kabisa. Mtoto wa kiume wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anaweza kumrithi ami yake. Wa kike harithi kwa njia hiyo. Huntha mushkil akiwa ni mtoto wa ndugu, Mahanafi hawatampa kitu, Mashafi wataizuia mali inayobishaniwa hadi mambo yawe wazi, nao Mamaliki watampa nusu ya kile ambacho angepata kama mwanamume.

Tofauti ni nyingi, lakini kuna kauli moja ambayo madhehebu yote yanashirikiana: hakuna anayekosa urithi kwa sababu tu ya kuwa huntha. Familia inayomficha mtoto wa namna hiyo, kisha ikagawanya mali bila ya kumtaja, haina madhehebu ya kuegemea.

Wanaojifananisha na jinsia nyingine

Kuhusu mukhannath, chanzo kikuu ni hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas katika mkusanyiko wa Bukhari, kwamba Mtume Muhammad (S.A.W) aliwalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume.

Hadithi nyingine, iliyo katika Bukhari na Muslim, yaeleza kwamba mukhannath mmoja alikuwa akiingia katika nyumba za wake wa Mtume. Alihesabiwa kuwa miongoni mwa wanaume wasio na haja na wanawake, ambao Kurani imewataja katika Sura ya 24, aya ya 31. Wakati wa kuzingirwa mji wa Taif, mwaka wa 630, alisikika akiusifu mwili wa mwanamke mmoja wa mji huo kwa namna iliyodhihirisha kwamba anayajua mambo hayo vyema. Ndipo Mtume akaamuru asiingie tena kwa wake zake. Wanachuoni wengi wametanabahisha kwamba alizuiwa kwa kueleza siri za wanawake.

Katika mkusanyiko wa Abu Dawud, kuna habari za mwingine aliyepaka hina mikononi na miguuni, akahamishiwa nje ya Madina. Masahaba walipouliza kama auawe, Mtume alijibu kwamba amekatazwa kuwaua wanaoswali.

Al-Nawawi, mwanachuoni wa Syria aliyefariki mwaka wa 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Shafi, aliwagawa watu hawa sehemu mbili. Yule aliyeumbwa hivyo bila ya kujitakia hana lawama, hana dhambi wala adhabu, kwa kuwa ana udhuru. Anayelaumiwa ni yule anayejitia kwa makusudi. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Cairo mwaka wa 1449, alikubaliana na mgawanyo huo, ila akaongeza sharti: aliyeumbwa hivyo ajitahidi kuiacha hali hiyo polepole, na asipojitahidi lawama itamfikia.

Fatwa za enzi za upasuaji

Wanachuoni hao wa kale hawakuwahi kuulizwa kuhusu upasuaji. Swali hilo lilifika kwa kishindo nchini Misri mwaka wa 1988, wakati mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Al-Azhar, aliyesajiliwa kama mwanamume, alipofanyiwa upasuaji na kuwa mwanamke. Chuo kilimkatalia kuendelea na masomo, na madaktari wakazozana. Mufti wa Misri wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alitakiwa kutoa fatwa.

Fatwa yake ya Juni mwaka huo ilisema upasuaji wa kudhihirisha viungo vya kiume au vya kike vilivyofichika unaruhusiwa, na ni wajibu kama daktari mwaminifu atashauri kwamba ndiyo tiba. Lakini haufai kwa sababu tu ya mtu kutamani kubadilika. Kila upande ulidai ushindi, kwani fatwa haikusema bayana mwanafunzi yule yuko katika kundi gani.

Mwezi Februari 1989, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka na kuamua waziwazi zaidi. Mwanamume kamili au mwanamke kamili haruhusiwi kugeuzwa, na kujaribu kufanya hivyo ni kosa, kwa kuwa ni kubadili maumbile ya Mungu kulikotajwa katika Sura ya 4, aya ya 119. Lakini aliyekusanya alama za kiume na za kike atazamwe alama zipi zimetawala, kisha atibiwe kwa upasuaji au kwa homoni ili utata uondoke. Baraza lilisema hiyo ni tiba ya maradhi.

Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikuwa limekwisha kutoa fatwa kama hiyo mwaka wa 1980, nalo likairudia mwaka wa 2010. Kamati ya Fatwa ya Malaysia ilichukua msimamo huo mapema katika miaka ya 1980. Mwaka wa 2006 kamati hiyo ilipiga hatua zaidi kwa kuzingatia sayansi ya kromosomu. Iliruhusu mtoto mwenye kromosomu za kike ambaye homoni zimempa umbo la kiume arejeshwe katika jinsia yake ya asili. Ama mwenye kromosomu za kiume ambaye mwili wake hauzitambui homoni za kiume, hivyo akawa na umbo la kike, ilisema kumrejesha ni vigumu. Akitaka upasuaji, anaruhusiwa maadamu haumletei madhara ya kiafya wala ya kiakili.

Njia tofauti ya Iran

Nchi iliyochukua njia tofauti ni Iran, yenye madhehebu ya Kishia. Ayatollah Ruhollah Khomeini aliandika katika kitabu chake Tahrir al-Wasila, alipokuwa uhamishoni miaka ya 1960, kwamba kubadili jinsia kwa upasuaji si haramu. Baada ya mapinduzi ya 1979, Maryam Khatoon Molkara, aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume, alimwandikia na kumfuata mara kadhaa hadi akapata idhini yake katika miaka ya 1980. Molkara alifariki mwaka wa 2012.

Hoja ya wanachuoni wanaofuata rai hiyo ni kwamba asili ya kila jambo ni halali hadi ipatikane dalili ya kuliharamisha. Wanasema pia kwamba kama kila badiliko la maumbile lingekuwa dhambi, hata kugeuza ngano kuwa mkate kungekatazwa. Nchini humo anayetaka kubadili jinsia huchunguzwa na madaktari, hupata kibali cha serikali, na baada ya upasuaji hupewa vitambulisho vipya.

Hata hivyo, njia hiyo ina wakosoaji. Mashirika ya haki za binadamu yamelalamika kwamba watu wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja, tendo ambalo sheria za Iran huliadhibu hata kwa kifo, husukumwa kwenye upasuaji wasiouhitaji ili wasalimike.

Pakistan: mahakama na maulamaa

Nchini Pakistan suala limekuwa la mahakama. Jamii ya khawaja sira, inayojumuisha mahuntha na wanaume wanaoishi kama wanawake, ilitambuliwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 2009. Mwaka wa 2016 maulamaa wapatao 50 wa Lahore walitoa fatwa iliyozua gumzo. Walisema mtu wa jamii hiyo mwenye alama za wazi za kiume anaweza kuoana na mwenye alama za wazi za kike, lakini mwenye alama zote mbili asioe wala kuolewa. Aidha, walisema kuwanyima urithi au kuwadhihaki ni haramu.

Bunge lilipitisha sheria mwaka wa 2018 iliyomruhusu kila mtu kujitambulisha kwa jinsia anayojihisi. Katika mirathi, sheria hiyo ilisema mwenye umbo la utata ambaye hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke apate wastani wa mafungu mawili. Hesabu hiyo ndiyo ile ile ya Imam Malik. Mnamo Mei 2023, Mahakama ya Sharia ya Shirikisho iliamua kwamba vifungu vya jinsia ya kujihisi na vile vya mirathi vinapingana na Uislamu, ikieleza kwamba jinsia hufuata umbo la mtu, si hisia zake.

Nchini Kuwait mambo yalielekea kwingine. Mahakama ya Kikatiba ilifuta mnamo Februari 2022 kifungu kilichowaadhibu wanaojifananisha na jinsia nyingine, kwa sababu maneno yake hayakuwa wazi na yaliwapa polisi uwezo wa kumkamata yeyote.

Hali nchini Kenya

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inazipa Mahakama za Kadhi uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Sheria ya Urithi nayo inaruhusu mali ya marehemu Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hivyo, hesabu za mafungu zilizoelezwa hapo juu zinaweza kuhitajika Mombasa, Lamu au Garissa wakati wowote.

Sheria nyingine za nchi zimeanza kuwatambua mahuntha. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu ilikataa kuitambua jinsia ya tatu, lakini ikamlipa mfungwa mmoja fidia ya Sh500,000 kwa udhalilishaji aliotendewa gerezani. Mnamo Desemba 2014, katika kesi ya mtoto ambaye hospitali iliandika alama ya kuuliza mahali pa jinsia, mahakama hiyo iliagiza serikali ieleze mahuntha watasajiliwa na nani na upasuaji wao utasimamiwa vipi. Sheria ya mwaka huo kuhusu watu walionyimwa uhuru ilimpa huntha haki ya kuchagua jinsia ya afisa atakayempekua. Sensa ya 2019 iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza na kupata 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto huntha kwa jina na kumlinda dhidi ya upasuaji wa kumbadili viungo bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki.

Katika hilo, fiqhi na sheria ya nchi haziko mbali. Wanachuoni waliosema ziada ya mirathi iwekwe hadi mtoto abaleghe walikuwa wakikataa kuharakisha uamuzi ambao mwili wenyewe haujautoa. Sheria ya 2022 nayo yamkataza daktari na mzazi kuharakisha kisu.

Kwa aliyezaliwa na umbo lisilo na utata akataka kulibadili, maulamaa wengi wa Kisunni wangali wanasema hapana, huku wenzao wa Iran wakisema ndiyo kwa masharti. Kwa huntha, hakuna mzozo wa msingi. Tofauti ni za hesabu na za tahadhari. Mzazi Mwislamu aliyejaaliwa mtoto wa namna hiyo ana mambo matatu ya kufanya: ampeleke kwa daktari bingwa, amsajili, na asimfiche kadhi habari zake siku mali itakapogawanywa. Kumsitiri mtoto na macho ya watu ni ada njema. Kumficha na haki yake ni dhuluma, na hapo wanachuoni wa zamani na wa sasa, wa Kisunni na wa Kishia, wana neno moja.